Sifuri Ambayo Bibi Hakuisema

Jumamosi jioni, katikati ya Aprili. Manyunyu tangu asubuhi.

Leo Brussels imenyesha ile mvua yake isiyoamua. Hainyeshi, haikatiki. Ukitembea dakika kumi bila mwavuli hujalowa. Ukitembea ishirini, soksi zimelowa na hujui zililowa saa ngapi.

Naandika nikiwa kitandani, miguuni nimevaa soksi za sufu za Baba. Yeye yuko jikoni anakaanga vitunguu, namsikia anavyokwangua kikaango. Hajanikasirikia. Afadhali angenikasirikia, ningejua pa kuweka mikono.

Nimefanya kosa leo, na siyo la kuvunja sahani. Nataka kuliandika lote, tena kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kwetu hakuna hata mmoja anayekijua, na hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema jambo mpaka mwisho bila kuona haya.

Nianze na kazi ya Baba, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Baba anasomea shahada ya uzamivu hapa. Nyumbani watu wakisikia atakuwa daktari wanamwomba dawa ya mgongo. Lakini anachosomea ni mvua, yaani namna ya kujua mapema kama mto utafurika. Siyo mvua ya nchi nzima ile inayotangazwa redioni, "baadhi ya maeneo, vipindi vifupi," ambayo ni sawa na kutosema kitu. Mvua ya mahali pamoja tu: vile vilima vilivyo miguuni pa Uluguru alikozaliwa yeye, na tambarare iliyo mbele yake wanakolima mpunga. Tatizo la pale ni moja. Mvua inanyesha vilimani usiku, watu wa tambarare wanaamka na jua la kuchoma, wanavuka mto kwenda mashambani wakiwa na furaha zao, halafu mchana yanawafikia maji ya mvua ambayo hawakuiona wala kuisikia.

Kwa hiyo Baba ameweka vipimo vitano vya mvua kule vilimani. Kipimo ni mrija mnene wa plastiki wenye mistari ya milimita, umefungwa juu ya nguzo, mahali pa wazi. Kila kimoja kina mtu wake. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huyo anasoma maji yamefika mstari gani, anamwaga, halafu anatubipu. Bipu moja maana yake hakuna mvua, andika sifuri. Bipu mbili maana yake mvua ipo, nipigie nikutajie. Saa tatu ya kule, kwetu huku wakati huu wa mwaka ni saa mbili.

Namba zinaingia kwenye jedwali la kompyuta, visanduku vitano kwa siku. Vikijaa vyote, jedwali linapiga hesabu na chini kabisa inatokea rangi. Kijani, njano au nyekundu. Rangi hiyo tunamtumia kwa ujumbe Shangazi Tatu, dada yake Baba, anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga kule tambarare, na yeye anapandisha kitambaa cha rangi hiyo kwenye mti mrefu aliousimamisha juu ya bati la mashine. Watu wakitoka kwenda kuvuka mto wanatazama bati la Shangazi kwanza.

Ni mambo ya majaribio bado. Lakini wanatazama.

Jumamosi na Jumapili Baba anasafisha ofisi mjini, anatoka kabla sijaamka, na simu yake inabaki kwenye kabati la wafanyakazi mpaka anapomaliza kazi saa saba na nusu mchana. Mama yuko Morogoro, ni muuguzi, kazi haikumruhusu kuja. Hapa Ixelles, mtaa wetu wa Brussels, tuko wawili, ghorofa ya tatu. Basi tangu Januari vipimo vya mwisho wa wiki ni vyangu. Kuna kisimu kidogo cha vitufe cha kazi hiyo tu, na kadi ya kupigia nje.

Juu ya kompyuta Baba amebandika karatasi, kwa kalamu nene: *Kisanduku kitupu si sifuri. Hajapiga, mpigie. Hapatikani, weka njano.*

Nimeiona karatasi hiyo kila siku kwa miezi mitatu. Siwezi kusema sikujua.

Sasa Bibi.

Bibi, mama yake Baba, ndiye msomaji wa kipimo cha juu kabisa. Na Bibi hafuati utaratibu. Iwe kumenyesha au kumekauka, yeye anabipu mara mbili. Baba anapiga, anamuuliza mvua ngapi, Bibi anamjibu mvua hakuna, alitaka kujua kama tumeamka salama. Baba alijaribu kumweleza kwamba akiwa na sifuri abipu mara moja tu inatosha. Bibi alimwambia bipu moja ni kama kubisha hodi kwa watu halafu ukakimbia.

Siku za kawaida Baba ndiye anayeongea naye. Mwisho wa wiki ni mimi.

Hapa ndipo inabidi niseme ukweli. Mimi naogopa kumpigia bibi yangu.

Niliondoka nyumbani nikiwa darasa la tano. Kiswahili cha karatasi kimeendelea kukua, Baba amehakikisha, vitabu vimejaa chini ya kitanda. Lakini Kiswahili cha mdomoni kimebaki na umri ule ule wa miaka kumi na moja, na juu yake kimeota ile "r" ya Kifaransa inayotokea kooni. Kifaransa nacho kiko hivyo hivyo: kwenye mtihani najibu kurasa mbili, mwalimu akinitazama usoni napata maneno mawili. Lugha mbili, na zote zinanitoka vidoleni tu.

Mwaka jana nilimwambia Bibi kwenye simu kwamba huku kuna theluji, akacheka, akawaita watu wa nyumbani waje wasikie mjukuu wake anavyoongea kama ana pipi mdomoni. Nilijua anacheka kwa mapenzi. Najua. Lakini tangu siku hiyo nikimpigia najibu "ndiyo Bibi" na "hapana Bibi", naandika namba yangu, nakata. Aliwahi kuniuliza kwa nini naongea kama naogopa kumwamsha mtu.

Leo saa mbili zilianza bipu. Mmoja, sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu akabipu mara mbili, nikampigia, akasema "tatu" akakata. Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Wa nne, sifuri. Visanduku vinne.

Bibi, kimya.

Saa mbili na robo, kimya. Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshakunywa chai na mkate na kisimu kiko mezani mbele yangu, kimetulia kabisa.

Nilipaswa kupiga. Namba ninayo kichwani. Nilichofanya ni kuanza kujijengea hoja kama wakili. Wengine wanne karibu wote ni sifuri. Bibi huenda amelala kidogo leo, ni haki yake. Huenda hatimaye ameamua kufuata utaratibu na bipu yenyewe imepotea njiani. Nikaangalia kile kisanduku cheupe, nikaangalia simu, nikabonyeza 0.

Jedwali likapiga hesabu. Kijani.

Na nitasema kilichofuata, maana ndicho kinachoniuma kuliko chote. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba leo sitalazimika kuongea na mtu.

Nikamtumia Shangazi: KIJANI. Akajibu: Sawa mwanangu, huku jua linawaka.

Saa nne nilishuka na Maman Béa. Anaishi ghorofa ya chini yetu, mtu wa Lubumbashi, watoto wake wameshakua na kuhama, na Jumamosi ananichukua kwenda naye sokoni Flagey. Anasema ni kwa ajili ya kumshikia mifuko, lakini mifuko mizito anabeba yeye. Nadhani ananipeleka kuona watu. Na mimi nikiwa na Maman Béa naongea kidogo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu Kiswahili chake kina Kifaransa ndani kila mahali, na "r" yangu haimshangazi.

Tulizunguka. Alinunua vitunguu, mbilingani, na samaki mmoja, baada ya kugombana na muuzaji kuhusu macho ya huyo samaki. Manyunyu yalikuwa yanadondoka kwenye maturubai. Nikamwambia kile alichonieleza Baba, kwamba chini ya uwanja ule tuliosimama wamechimba tangi kubwa kabisa, kwa sababu zamani mvua kubwa ikinyesha maji yote ya bonde yalikuwa yanakusanyika pale na kuingia majumbani. Sasa yanaingia humo chini kwanza na kusubiri. Maman Béa akatazama mawe ya uwanja chini ya viatu vyake, akasema Wazungu wameijengea mvua nyumba na yeye bado yuko kwenye orodha ya kusubiri ya manispaa.

Nilicheka. Halafu akaniuliza habari za Bibi, bila nia yoyote, kama anavyouliza kila Jumamosi.

"Bon, na grand-mère, njo nini alisema leo?"

Nikamwambia leo hakupiga.

"Na weye, ulimuita?"

Nikasema hapana. Nikasema niliandika sifuri.

Maman Béa hakukunja uso. Alikuwa anahamisha samaki kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, akaacha, akaniambia ningoje.

"Attends. Ye hakusema kitu. Donc weye njo uliandika asema hakuna mvua?"

Watu walikuwa wanapita na mikokoteni yao ya kununulia vitu. Mimi nilibaki nimesimama pale, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuona lile jedwali alikuwa amesoma karatasi ya Baba neno kwa neno.

"Muite sasa," akasema. "Lete ile sac, minakamata."

Nilimpa mfuko, nikapiga nikiwa nimesimama chini ya turubai la mtu wa jibini. Namba ya kadi, zile tarakimu zote, halafu namba ya Bibi. Hapatikani. Nikarudia. Hapatikani. Bibi ambaye simu yake haizimwi hata kanisani.

Kuna mambo mawili niliyaelewa kwa pamoja, na moja lilikuja na aibu kubwa kuliko lingine. La kwanza, kwamba mvua ya vilimani inaweza kunyesha bonde moja na bonde la pili likabaki vumbi. Baba hulisema hilo kila siku, ndiyo maana vipimo ni vitano na siyo kimoja. La pili, kwamba tangu saa mbili asubuhi sikuwa nimejiuliza hata mara moja kama Bibi ni mzima.

Ikabidi nimpigie Shangazi Tatu. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake, na yeye anaongea kwa sauti ya kushindana na mashine hata ikiwa imezimwa. Nilianza kusema "shikamoo Shangazi" na ikanitoka kama kikohozi. Akaitikia, akaniuliza nani amenibana koo. Nikasema, Shangazi, shusha kijani.

Akazima mashine.

Kule ilikuwa saa sita na nusu, jua la kupasua mawe, na watu zaidi ya arobaini walikuwa ng'ambo ya mto wakipanda mpunga. Akaniuliza basi apandishe nini, njano au nyekundu. Nikamwambia sijui. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yenyewe, kwamba sijui, kwamba Bibi hapatikani na mimi asubuhi niliandika kitu nisichokijua. Nilisema sentensi nzima tatu au nne kwa mkupuo. Maman Béa alikuwa ananitazama kama ninaimba.

Shangazi hakuniuliza zaidi. Alisema, "Njano basi. Usilie, nasikia unataka kulia, subiri tumalize." Na simu haijakatika nikamsikia anagonga rimu ya gari iliyoning'inia penye mashine, kengele yake ya kuwaita watu.

Tulikuwa tunarudi kwa miguu pembeni ya maziwa mawili yaliyo karibu na soko, Maman Béa na mifuko yote, mimi na simu mkononi. Mabata wale wa Misri walikuwa wamejaa njiani kama kawaida, hawampishi mtu. Ndipo kisimu kikalia. Mara moja. Kikanyamaza. Mara ya pili.

Nilikaa kwenye benchi lililolowa, nikapiga.

Bibi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Upepo ulikuwa mwingi. Akanisalimia kwanza, akauliza habari za shule, za Baba, kana kwamba hakuna lililotokea duniani, halafu akaeleza. Mvua ilianza usiku wa manane, akasema, na haikuwa mvua ya maneno. Mnara wa simu ulizimika. Saa tatu alikwenda kwenye kipimo, akasoma, akarudi ndani kuchukua miwani, akasoma tena. Tisini na mbili. Hakuna mtandao. Basi alisubiri ipungue kidogo, akajifunga kanga kichwani, akapanda mpaka ule mgongo wa mlima ambako unaweza kushika mnara wa upande wa pili. Amepanda tangu saa tano. Amekuwa akiitamka ile namba njiani ili isimtoke.

Tisini na mbili. Mimi nilikuwa nimeandika sifuri.

Nilishusha simu, nikaipandisha tena sikioni. Akauliza kama nimepotea.

"Bibi, asubuhi niliandika sifuri."

"Sifuri ya nani?"

"Yako."

Halafu akaniuliza, taratibu, kama anauliza nimekula nini.

"Ulinitafuta?"

"Hapana, Bibi."

Kulikuwa na sababu nyingi na zote nilikuwa nazo pale benchini, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumwambia mtu aliyepanda mlima kwenye tope akitamka namba.

"Haya," akasema. "Mpigie Tatu kwanza. Mimi sishuki, nipo hapa hapa juu."

Nikampigia Shangazi, nikasema nyekundu. Nilitamka neno lote bila kukwama. Sijui kwa nini, labda woga nao una kiasi chake. Akasema ameshawatoa wengi, anakwenda kuwafuata waliobaki, nisimpigie tena mpaka yeye abipu.

Halafu nikampigia Bibi, na alikuwa bado yuko pale juu kwenye upepo, ananisubiri. Maman Béa alikaa upande wa pili wa benchi na samaki mapajani, akawa anatazama maji. Nilimwambia Bibi naogopa simu. Nilimwambia kuhusu "r". Akashangaa, akasema aliwaita wale watu kwa sababu alikuwa anajidai, mjukuu anaongea Kiswahili cha Ulaya na Kifaransa cha huko huko, nani mwingine mlimani pale ana kitu kama hicho. Halafu akataka nimsemee kitu kwa Kifaransa. Nikamwambia nimekaa karibu na ziwa, kuna mabata, mvua ni ndogo sana. Akaniuliza maana yake. Nilipomwambia, akauliza mvua ndogo sana ni milimita ngapi.

Tuliongea mpaka kadi ikakatika yenyewe. Kabla haijakatika alikuwa amesema, "Kesho nitafute."

Kisha nyumbani, kusubiri. Sitaeleza sana. Nilikaa mbele ya jedwali na sikuligusa. Nilihesabu saa za kule: saa nane na nusu, saa tisa. Maman Béa alipanda na sahani ya mbilingani, akaiweka, akakaa nami.

Baba aliingia saa nane na dakika chache, na koti lake limelowa mabegani. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza na sikuanza hivyo. Nilimwambia niliandika sifuri ya Bibi bila kumpigia, nikatuma kijani, mvua ilikuwa tisini na mbili. Kwa mpangilio huo.

Aliuliza neno moja. "Watu?"

Nikasema sijui bado.

Akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Maman Béa akaanza kusema jambo la kunitetea, Baba akainua mkono kidogo, kwa heshima, na sote watatu tukakaa tunakitazama kisimu. Sijawahi kuona Baba akiwa mtoto wa mtu na kaka wa mtu kwa wakati mmoja. Kwa kawaida yeye ni Baba tu. Leo niliiona mikono yake, inayonuka dawa ya sakafu, jinsi alivyoibana katikati ya magoti.

Ilipofika saa nane na nusu kikalia, mara mbili, na Baba akampigia Shangazi kwa simu yake.

Wote wametoka. Maji yalifika saa tisa na kidogo ya kule, mekundu, na povu, yamebeba magogo. Yalichukua kivuko cha miti na yakapanda mpaka kwenye kuta za mashine. Hakuna mtu aliyekuwa ng'ambo. Baba aliiweka simu kwenye spika, na Shangazi akatusimulia kuhusu mzee mmoja aliyegoma kutoka shambani kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akawaambia asubuhi mlisema kijani, saa sita njano, sasa hivi nyekundu, ngojeni jioni labda itakuwa ya maua. Ilibidi wambebe na kigoda chake. Shangazi alicheka akisimulia, Maman Béa akacheka mpaka akafuta macho, hata Baba.

Halafu Shangazi akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, kwamba wapo wengine waliosema kama yule mzee, ila hawakusema kwa nguvu. Na kwamba kitalu chake yeye mwenyewe cha miche ya mpunga, chote, kiko chini ya tope. Angekuwa na njano asubuhi angewahi kuing'oa miche na kuihamishia juu.

Nikasema, samahani Shangazi.

"Miche inaota," akasema. "Usinililie miche."

Maman Béa aliposhuka kwake, Baba akawasha kompyuta. Nilidhani atafuta ile sifuri. Niliitaka ifutwe, sitadanganya, nilitaka mahali pale pawe hapajawahi kuwa na kitu. Hakuifuta. Aliiacha palepale, akaandika 92 pembeni yake na saa ambayo namba ilifika, kisha akasogea ili mimi nikae. Mwisho wa kila mstari kuna safu ya maelezo, nyembamba, ambayo karibu siku zote iko wazi.

"Andika ilivyokuwa," akasema. "Usijipambe na usijitukane."

Ilinichukua muda kuliko insha yoyote ya shuleni. Hatimaye niliandika: *Kipimo cha juu hakikuripoti kwa wakati, mnara ulizimika. Mwandishi aliweka 0 bila kumtafuta msomaji. Kijani cha asubuhi hakikuwa na msingi. Njano saa 6:30, nyekundu saa 7:45, kwa saa za kule.* Baba akasoma. Hakubadilisha neno.

Nikamwambia atafute mtu mwingine wa Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa namaanisha. Akavua koti hatimaye, akalitundika. Akasema yeye pia ana lake la kuandika kwenye ile safu, kwamba alimpa mtu kazi ya kupiga simu bila kumuuliza kama anaogopa simu. Kisha akasema kesho anatoka saa kumi na moja, kisimu atakiacha mezani na kadi mpya, na mkate upo.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika ilivyokuwa.

Kitu kimoja kinanisumbua na hakina safu yake. Je, kama Maman Béa asingeuliza? Najaribu kujiona nikiwa nimerudi nyumbani na mbilingani, nimetulia, nasoma kitabu, wakati yule mzee amekaa kwenye kigoda chake shambani, juani. Ningekumbuka saa ngapi? Najua ningependa kujibu nini. Sina uhakika kama ndilo jibu.

Baba ananiita, chakula tayari. Vitunguu vimeungua kidogo, nasikia harufu.

Kesho saa mbili kamili sitasubiri bipu. Nitampigia Bibi mimi kwanza, kumuuliza kama miguu inamuuma baada ya ule mlima, na mvua nitamuuliza baadaye. Halafu nitampigia Shangazi, nimuulize kama yule mzee amerudi kuvuka, na alitazama bati au hakulitazama. Naogopa majibu yote mawili.

Nitapiga nikiwa naogopa.